Mimi si Shangazi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo na barua imekuja leo. Mtu asiniambie vimekutana kwa bahati tu, maana leo sina masikio ya kusikia hayo.

Barua aliipokea Mama. Alitia sahihi pale mlangoni akidhani ni kadi yake mpya ya ukaazi, akamwambia mleta barua, "Umechelewa baba, lakini umefika." Yule bwana akatabasamu bila kuelewa kitu, maana Mama hajui lugha ya huku zaidi ya asante na bei gani. Nilipotoka kazini nikaikuta bahasha chini ya kopo la sukari inanisubiri. Nikaisoma nimesimama, mwavuli bado unachuruzika mkononi. Mahakama ya uhamiaji inamwita Mama afike aeleze kwa nini asiondoshwe nchini.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanakuita."

"Kuchukua kadi?"

"Tule kwanza, Mama."

Wamekula wao. Mimi nimesukuma chakula huku na huku kwenye sahani mpaka Chiriku akaniuliza kama nakifundisha kutembea. Chiriku ni binti yangu, yuko darasa la pili, na jina hilo kalipata kwa haki.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kazini, kwenye kiwanda cha kufua nguo za hoteli na hospitali, nimeunguza shuka, likatoka na alama ya kahawia katikati. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Kengele, kanipigia kelele mbele ya watu. Mama bado sijamwambia yote.

Ijumaa, 6 Machi

Tumempata wakili wa bure, kwenye ofisi ya msaada wa kisheria juu ya duka la viatu. Binti mdogo, ana chunusi kwenye paji la uso, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Nikasema moyoni, Mungu wangu, watu wanaletewa mawakili, sisi tumeletewa mtoto wa shule.

Akaniuliza, "Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Aliyekuzaa?"

"Aliyenilea."

"Sikukuuliza aliyekulea," akasema, na wala hakusema kwa ubaya. Akatoa karatasi mbili akaziweka mezani pamoja. Ya kwanza ni yangu mwenyewe, ya zamani, nilipoingia nchi hii. Mahali pa mama niliandika: marehemu. Ni kweli tupu. Mama aliyenizaa alikufa mimi bado nanyonya, akanichukua dada yake mkubwa, na huyo ndiye Mama. Ya pili ni yake, alipokuja kunifuata baada ya Chiriku kuzaliwa. Dirishani walimuuliza unakwenda kwa nani, akasema kwa mwanangu. Nayo ni kweli tupu. Wakampa kadi kama mzazi. Sasa kaenda kuomba mpya, mtu ofisini kazikutanisha hizo karatasi, kaona mama mmoja amekufa na yuko hai, kaandika: udanganyifu.

Mama akataka kujua tunasema nini. Nikamweleza yote, sikuficha tena. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa walitaka niseme nakwenda kwa nani? Kwa jirani?"

Kumbe mtu hafukuzwi nchini kama kuku anavyofukuzwa shambani. Uhamiaji hawana ruhusa ya kuja tu na gari. Wanamshitaki kwa jaji. Kwanza kesi inatajwa, unasomewa mashitaka, unakubali au unakana. Kisha siku ya kusikilizwa, na kiapo, na mashahidi. Kisha hukumu. Ukishindwa una rufaa, na rufaa ikiwa bado inangoja hakuna wa kukugusa. Yote yakiisha ndipo amri inakuwa ya mwisho, na hapo sasa gari linakuja kweli. Na mwenye amri ya namna hiyo harudi kabla ya miaka kumi.

"Ila mkikosa siku moja tu ya mahakama," wakili akasema, "jaji anatoa amri bila nyinyi." Nikamgeuzia Mama kwa Kiswahili: asiyekuwepo na lake halipo. Hilo alilielewa upesi kuliko yote.

Wakili kasema pia niwe naandika kila kinachotokea. Nilikuwa nimeshaanza, kwenye daftari la Chiriku la kuchorea, ndiyo maana kurasa nyingine zina twiga.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, nyumba nzima kamba. Mume wangu kashinda anatengeneza redio ambayo hata haikuharibika. Yeye ni fundi umeme, na akiwa na wasiwasi hufungua vitu. Mimi nikiwa na wasiwasi nagombana na watu. Sijui nani nafuu.

Alhamisi, 19 Machi

Leo kesi ilitajwa, na nusura tuikose.

Tulitoka mapema. Basi likafika kwenye daraja likasimama, maji yamepanda juu ya barabara, dereva akazima injini akafungua gazeti. Gazeti! Nikaenda mbele kumwambia tuna mahakama. Akasema dada, hata mimi nina mke. Abiria wakacheka. Nikaanza kuona jaji anatafuta jina la Mama kwenye orodha, halioni, anachukua kalamu.

Nilipogeuka Mama alikuwa ameshashuka. Kavua viatu, kavikumbatia kifuani, sketi kaifunga magotini, anaingia majini. Nikaita, "Mama! Utaanguka!" Akasema bila kugeuka, "Nikianguka utaniokota. Twende."

Tukafika tumelowa mpaka mapajani. Mama alikuwa ameshaitwa mara moja. Yule mtoto wa shule niliyemdharau alikuwa amesimama mbele ya jaji anaongea kuhusu mafuriko kama aliyekuwa nasi majini, kaomba jina liitwe tena mwishoni. Likaitwa. Mama akakana udanganyifu, akapewa tarehe ya kusikilizwa, yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama akauliza koridoni, anavaa viatu. "Nimevua viatu kwa hiyo tu?"

Kuna mkalimani wa mahakama, mrefu, kavaa tai ya njano, kiburi tele. Kwa Mama alisema "mama" mara moja tu, baadaye "mshitakiwa". Nimempa jina: Tai.

Jumapili, 22 Machi

Mazoezi. Wakili anataka Mama akiulizwa mimi ni nani wake ajibu sentensi moja tu, iliyonyooka: ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mimi ni mama yake mkubwa. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hakuna aliyetaka kudanganya, ni neno tu.

Chiriku kawa jaji, kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwiko mkononi.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

"Kosa!" Mwiko, pa! kwenye meza.

"Ni mwana... wa mdogo wangu."

"Nusu kosa!"

Nikamwambia, Mama, basi sema hata mpwa, ni fupi. Loo! Akaacha kisu kwenye viazi akanitazama toka juu mpaka chini. "Mpwa ni wa mjomba. Mimi nimeota ndevu?"

Tumecheka mpaka mume wangu katoka na bisibisi kuuliza kuna nini. Kisha nikaingia jikoni, nikafungua bomba ili wasisikie, nikalia. Kila akirudia anasema "mwana" kwanza. Ulimi umezoea.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Kasema mwanangu mara tatu, sawa mara moja.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeomba ruhusa ya siku ya kesi. Kengele kasema kama kila mwenye shida atapewa siku, mashuka ya hospitali atanyoosha nani, yeye? Nikamjibu kwamba angependeza. Haikunisaidia.

Jumapili, 5 Aprili

Sawa mara tano mfululizo! Chiriku kampa Mama nyota kwenye mkono kwa kalamu nyekundu. Mama kakataa kuiosha.

Jumatatu, 13 Aprili

Kengele kanifuata kwenye mashine, kanong'ona. Sikujua kama anaweza. "Nenda kesho. Na mimi mama yangu alikuja na karatasi." Kisha akapiga kelele kuhusu foronya ili watu wasijue.

Roho iko juu. Sentensi bado imekaa vizuri, jioni hii kaisema akiwa anasuka nywele za Chiriku, hata hatukumuuliza.

Jumanne, 14 Aprili

Naandika bafuni, maana ndiko kwenye mlango unaofungwa.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyokidhania. Zulia la kijivu, saa ya ukutani iliyosimama. Jaji ni mzee wa miwani, ana mafua. Wakili wa serikali ni bwana mtaratibu mwenye sauti laini, na sauti hiyo ndiyo iliyonitisha. Tai kakaa begani kwa Mama.

Mama akaapishwa. Wakili wetu akamuuliza, yule aliyekaa pale ni nani wako. Nikashika ukingo wa benchi. Mama akavuta pumzi, akajifunga vizuri mtandio.

"Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni mama yake mkubwa."

Kaisema! Kaisema yote, hakutia "mwana" popote! Kidogo nipige vigelegele humo humo ndani. Mume wangu akanibana mkono.

Tai akageuza kwa lugha ya mahakama. Mimi naielewa, nikasikia alichosema, na mwanzoni sikuona kosa. Wao wana neno moja tu. Dada wa mama, dada wa baba, mkubwa, mdogo, wote wanatupiwa ndani ya neno hilo hilo, kama tunavyotupia nguo za wagonjwa wote kwenye mashine moja. Wakili wa serikali akalichukua neno lile, akauliza kwa upole: kwa hiyo wewe ni huyo kwake, si mama? Tai akalirudisha kwetu, na hapo ndipo alipotumaliza.

"Anauliza, kwa hiyo wewe ni shangazi yake?"

Mama akainuka kwenye kiti.

"Hapana! Shangazi? Shangazi ni dada wa baba! Mimi na baba yake tumezaliwa pamoja wapi? Mimi si shangazi, mwambie, mimi si shangazi!"

Tai akageuza kama lilivyo, na neno likarudi kuwa lile lile lao moja. Jaji akateremsha leso. Wakili wa serikali akasema, sauti ile ile laini, kwamba shahidi amekana uhusiano aliotoka kuueleza sasa hivi, akiwa chini ya kiapo, na anaomba iandikwe. Nikaona vidole vya mwandishi vinaandika.

Sikumbuki kusimama. Nasikia tu sauti yangu, "Si hivyo! Hakusema hivyo!" na jaji ananiambia nikae au nitoke. Mama ananitazama, hajui kafanya nini. Anadhani kasahihisha kosa tu.

Wakili wetu hakupiga kelele. Akaandika kitu, akakifuta, akaomba mimi niitwe. Nikaapa. Akasimama karibu yangu, nikaona kwamba na yeye jasho linamtoka, na macho yake yananiomba radhi kabla ya swali.

"Huyu mama ni mama yako?"

Nikaanza, "Yeye ndiye..."

"Jaji anahitaji ndiyo au hapana. Mama aliyekuzaa, uliyemwandika kuwa marehemu. Ni huyu?"

Nikasema hapana.

Tai kazi yake ni kumwekea Mama kila neno sikioni. Kainama, kasema taratibu, kila mtu kasikia: "Anasema wewe si mama yake."

Nilisema na mengine mengi. Nilisema ni dada wa mama mzazi. Nilisema kwetu dada wa mama ni mama, ukimwita vingine unachapwa, na aliyenichapa ni yeye. Nilieleza shangazi ni nani na mama mkubwa ni nani, na kwamba neno lao moja limewachanganya, na jaji aliinama akaandika kwa mkono wake. Wakili kasema hapo ndipo tulipopumua. Lakini Mama alikuwa hasikii tena. Alikuwa kavua mtandio, kauweka mapajani, anaukunja, anaukunjua.

Kurudi, mvua ilikuwa kubwa. Siku zote tunatembea chini ya mwavuli wangu. Leo kafungua wake.

Jumatano, 15 Aprili

"Mpwa wangu, nipitishie chumvi."

Chiriku kacheka, kadhani ni mchezo. Mimi nimempa chumvi.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Mpwa wangu, funga dirisha. Mpwa wangu, maji yamechemka.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimejaribu kumweleza. Nikasema Mama, lilikuwa swali la sheria. Akasema, "Na mimi nimekubali, mpwa wangu. Aliyeapa ni wewe." Afadhali angenipiga kofi, kofi lake nalijua.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo nimemkuta mume wangu kwenye ngazi na simu, anauliza tiketi ya kwenda tu, ya mtu mmoja mzima, mwezi wa tano. Damu ikanipanda kichwani. Sikumwacha akate simu. Nikamwambia mengi, mengine hata daftari hili litaona haya. Nikasema kumbe siku zote hizi anafungua redio kumbe anamfungulia Mama mlango wa kutokea. Majirani wametoka. Yeye kasimama tu, simu bado sikioni.

Mama akatokea juu ya ngazi, kashika ufagio.

"Mwache kijana wa watu. Nimemtuma mimi."

"Umemtuma?"

"Nilitaka kujua safari inakuwaje. Kuuliza si kwenda. Wewe mpwa wangu una mdomo, sijui umerithi kwa nani." Akaingia ndani. Sote tunajua nimerithi kwa nani.

Nimemwomba mume wangu msamaha. Kasema hakutaka kuniambia kwa sababu alijua nitafanya hivi hivi. Kisha kafungua pasi.

Alhamisi, 30 Aprili

Hukumu.

Jaji kasoma kwa sauti ya mafua, Tai anageuza. Kwamba ameridhika hakuna aliyekusudia kudanganya. Kwamba maelezo ya shahidi wa pili, yaani mimi, yamemfafanulia tatizo la neno. Halafu akasema: lakini. Sheria inajua mzazi wa namna mbili, aliyezaa na aliyeasili mtoto kwa hati ya mahakama. Kadi ilitolewa kwa kosa, na kosa bila ubaya bado ni kosa. Haiwezi kubaki.

Wakili alituuliza juu ya hati hiyo toka mwanzo. Nani kwetu anakwenda mahakamani kuomba hati ya mtoto wa marehemu mdogo wake? Ungeulizwa, kwani ulimwokota?

Kwa kuwa hakukuwa na udanganyifu, jaji kampa nafasi: aondoke kwa hiari yake kabla ya mwezi wa sita, na hapo hakuna amri wala miaka kumi, anaweza kuomba tena kuja kwa njia nyingine. Au akate rufaa, abaki mpaka isikilizwe. Lakini rufaa ikianguka, nafasi ya hiari imekwenda nayo, na amri inasimama.

Koridoni Tai alinifuata. Kavua tai yake, kaishika mkononi. "Nilitafuta neno la karibu," akasema. "Wao wana moja tu, na nilipolirudisha kwetu nikachukua la kwanza lililokuja. Mimi nimelelewa na shangazi." Nilikuwa nimeandaa matusi tangu siku ile. Yalinikaukia mdomoni. Nikamwambia asante kwa kusema, basi.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Nataka rufaa. Wakili kasema uwezekano upo ila mdogo, na amesema anachokijua, hakuniuzia matumaini. Mimi nashika hilo "upo" na silali.

Jumapili, 3 Mei

Tulikaa wote mezani. Nikasema rufaa. Nikasema tutapata muda, lolote linaweza kutokea, sheria zinabadilika, majaji wanastaafu. Nilikuwa naongea haraka, najisikia mwenyewe nilivyo kama Chiriku. Mume wangu akatazama mikono yake, kisha akasema taratibu, "Na ikianguka?"

Mama alikuwa anamenya viazi. "Ikianguka miaka kumi," akasema. "Miaka kumi mimi nitakuwa wapi? Nitakuwa nimelala na mdogo wangu. Hiari ina mlango wa kurudia, hata kama ni mwembamba. Nakwenda kwa hiari."

"Hiari gani hiyo, Mama? Hiari ya kufukuzwa?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Wamenipa nichague mguu wa kutangulia."

Nikalia mbele ya wote, bomba halikunisaidia. Mama akaendelea kumenya. Baada ya muda akasema, "Mumeo kanieleza alivyosema wakili. Kasema lile hapana lako ndilo lililoniondolea uongo. Kwamba bila lile ningeondoka na amri mgongoni."

"Ndiyo."

"Nimesikia." Akanisukumia sahani ya maganda nikatupe. Hakuniita mpwa, wala hakuniita kitu.

Alhamisi, 14 Mei

Chiriku anamfundisha bibi yake kitu kwa lugha ya huku. Nikiingia wananyamaza. Mvua imepungua.

Jumamosi, 30 Mei

Jua! Mvua imengoja Mama aondoke ndipo ikatike, mshenzi mkubwa. Alfajiri Mama kafua kila kitu cha Chiriku, kaanika kwenye kamba ya nje, kasema hawezi kupanda ndege huku nguo zinanuka unyevu. Mimi dobi wa kulipwa nikawekwa pembeni.

Ipo karatasi moja, na wakili katutisha nayo wiki nzima. Afisa wa pale kiwanja cha ndege lazima aigonge mhuri kuthibitisha Mama katoka mwenyewe, ndani ya muda. Mhuri ukikosekana, hiari inageuka kuwa amri, na safari nzima inakuwa bure. Nimeishika mkononi tangu nyumbani mpaka ikalainika kwa jasho. Mume wangu na Chiriku wakabaki kwenye viti, maana dirishani anaruhusiwa msindikizaji mmoja.

Afisa kijana, macho mekundu ya zamu. Kaangalia karatasi, kaangalia Mama, kaninyooshea kalamu. "Huyu ni nani wako?"

Nikafungua mdomo nimgeuzie. Mama akaniwahi. Kwa lugha ya mahakama, polepole, kila neno mahali pake, macho mbele kama mwanafunzi:

"Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni dada mkubwa wa mama yake."

Kumbe ndicho Chiriku alichokuwa anamfundisha. Ile sentensi tuliyoitafuta mvua nzima, sasa wala haihitaji Tai. Nilimtazama akiwa kajifunga mtandio ule ule, kidevu juu, anasubiri kuambiwa kama kapatia, na kitu kikanikata ndani.

Afisa kanigeukia. "Na wewe? Huyu ni nani wako?"

Nilijua jibu. Niliapa kwa jibu hilo. Wakili alisema msiongeze, msipunguze.

"Ni mama yangu," nikasema.

Kalamu ikasimama. Nikauona mhuri pale mezani, karibu kabisa na mkono wake, na mkono hauendi.

"Yeye amesema wewe ni mtoto wa mdogo wake."

"Ndiyo."

"Na wewe unasema ni mama yako."

"Ndiyo."

"Sasa kipi ni kweli?"

Mama akanifinya mkono, zile finyo zake za kanisani na za msibani. "Anasema nini?" Nikamweleza. "Na wewe umesema nini?" Nikamweleza.

Akanitazama kwa muda, jinsi ambavyo hakunitazama tangu siku ya mahakama. Kisha akamgeukia afisa, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumtuma mtoto dukani, "Piga mhuri, baba. Ndege haisubiri ukoo."

Sijui kijana alielewa nini. Labda sauti. Alisugua macho, akapiga mhuri, akanipa nakala ya wakili.

Mama akachukua mkoba wake. "Mjinga wewe," akaniambia. "Nimejifunza mwezi mzima, unataka kuniharibia safari."

"Samahani, Mama."

"Sikukosea hata neno. Ulisikia?"

"Hukukosea."

Akapita kizuizi. Nikadhani ndiyo basi. Alipofika pale wanapokaguliwa mikoba akageuka, akapaza sauti watu wote wakatazama:

"Mwanangu! Nguo za mtoto ziko kambani! Usiziache zikalowa!"

Nikaitika, "Ndiyo, Mama!" Sauti ikatoka kubwa mpaka walinzi wakageuka.

Tumerudi nyumbani. Mbingu nyeupe, hakuna wingu, lakini nilikwenda moja kwa moja kambani kabla ya kuvua viatu. Soksi, sare ya shule, gauni la njano. Zote zimekauka.